Lori Moja ni Punda Wangapi?

Juu ya Azaiba, Maskati
10 Shaaban 1386 (24 Novemba 1966)

Mdogo wangu mpenzi Muhsina,

Assalaam alaykum. Nnakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili unafukuza mbuzi asinilie karatasi. Yule mbuzi niliyekutajia kazaa mapacha, mmoja mweupe na mmoja rangi ya kahawa. Wa kahawa kachukua tabia za marehemu baba mkubwa: anakula peke yake na kuwapiga wenziwe mateke. Mimi mzima alhamdulillahi, kikohozi kimeniacha. Kheiria mwanao na mumewe nawaombea kila sala, na mguu wako nauombea mbali, kwa jina lake.

Umeniuliza nyumba ya baba ikoje. Nyumba ina hewa nyingi. Sasa nikupe la moyoni, maana huku sina mtu wa kumwambia.

Wewe ulizaliwa Unguja, hukuijua falaji. Ni mfereji wa maji unaotoka chini ya mlima, unapita wazi katikati ya kijiji mpaka kwenye mitende. Maji yake yamegawiwa kwa zamu. Zamu ya baba ilikuwa nusu saa kila siku ya nane, na tangu baba asafiri, miaka arubaini sasa, zamu hiyo anaitumia binamu yetu Aflah. Simlaumu, maji hayakai bure. Lakini huku mtu asiye na zamu ya maji hahesabiwi kuwa mtu wa kijiji. Anakaa kama mgeni. Na mgeni, Muhsina, hawezi kumdhamini nduguye apewe kibali cha kuingia nchi hii. Nimekwenda kwa Mzee Muslim, ndiye anayesimamia zamu zote za falaji, nikamwomba maji ya baba. Kasema, "Tutaona umeifanyia falaji kazi gani."

Basi wiki iliyopita ikaja kazi.

Kuna kampuni inataka kubeba mawe kutoka mlimani kuyapeleka pwani, wajenge gati. Malori yao hayana njia ila kukata falaji yetu pale kivukoni, penye msikiti. Na pale pana ushuru wa tangu enzi. Kila punda anayevuka hulipa kikapu kimoja cha kokoto, na kokoto hizo ndizo za kuzibia mfereji ukipasuka. Hapana punda aliyesamehewa, hata wa kadhi.

Kampuni ikaleta barua. Ya Kiingereza. Wazee wakaizunguka kama wanaangalia nge. Mzee Muslim akasema, "Harub katoka Unguja. Unguja kulikuwa na Waingereza. Harub, soma."

Muhsina, wewe unajua nilisoma mpaka darasa la tatu, na Kiingereza changu nilichotoka nacho ni kuhesabu mpaka kumi, na saba huwa naisahau. Nikafungua kinywa niseme. Kabla sijasema, Mzee Muslim akaongeza, "Atakayemaliza jambo hili na kampuni, zamu ya baba yake itarudi."

Kinywa kikajifunga chenyewe.

Nikaishika karatasi. Herufi nnazijua, si ndizo hizi tunazoandikia Kiswahili? Nikaisoma yote kwa sauti, kila herufi na haki yake, kama nasoma utenzi. Sikufahamu hata neno moja. Walipouliza inasema nini nikajibu, "Jambo hili zito, linataka nilitafakari." Wakafurahi, wakasema hivyo ndivyo wasomi walivyo.

Nimeinakili humu ndani, herufi kwa herufi. Mtafute mtu akusomee, uniletee majibu upesi. Mimi huku natafakari. Kila nikitoka sala ya alfajiri wananiuliza, "Umefika wapi?" nami nasema, "Nimefika katikati."

Nduguyo anayekuhitaji,
Harub bin Ghanim


Kuze, Mombasa
19 Januari 1967

Kaka Harub,

Nakushika miguu, na Idd njema iliyokwisha pita. Sisi tulikula pilau, mume wa Kheiria kachinja mbuzi mzima akaalika watu wa kazini kwake. Nyumba ilijaa hata mimi nikala uani, nami ndiko nnakokaa siku hizi. Nimehamia chumba cha uani. Kina kivuli. Mguu hauna neno. Kheiria ana mimba ya tatu, anakusalimu, anasema umtafutie jina.

Barua yako imechukua wiki saba, imefika siku ya pili ya Idd. Nikampelekea mwalimu wa skuli ya jirani ile nakala. Akaniuliza nani kaandika mwandiko mzuri hivi. Nikamwambia kaka yangu, hodari wa Kiingereza. Nimekwisha kuingia na mimi katika dhambi yako, nakuarifu.

Barua inasema hivi. Kampuni inaomba kuvuka hapo kwa miezi minane. Wanauliza mnataka ushuru gani. Na injinia wao atakuja mwenyewe kuzungumza nanyi, pamoja na mkalimani wake wa Kiarabu, Jumapili tarehe kumi na tano Januari.

Leo tarehe kumi na tisa, kaka. Wameshakuja.

Sijui umewaambia nini. Nimekaa hapa na kahawa yangu nikikuwaza umesimama mbele ya Mzungu, unamhesabia mpaka kumi. Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia, kisha nikalia kidogo. Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha Alhamdu nikiwa na meno ya mbele hayapo. Ijumaa moja, baada ya sala, simama useme: mimi Kiingereza sikijui. Watacheka siku tatu, ya nne watasahau.

Na hiyo hewa nyingi katika nyumba, inaingilia wapi? Paa lipo?

Mdogo wako,
Muhsina


Juu ya Azaiba, Maskati
24 Januari 1967

Muhsina wangu,

Barua yako haijanifikia, nami siwezi kungoja, nitapasuka. Mbuzi wazima. Nyumba pia nzima, kwa upande wa kusini.

Wamekuja, mdogo wangu. Siku ya tatu ya Idd, tumekaa uwanjani tunakula nyama iliyookwa shimoni, mkono umejaa mafuta, likatokea mlimani lori jekundu limejaa mawe, na vumbi lake. Akashuka Mzungu mrefu, kapigwa na jua mpaka kawa kama kamba aliyechemshwa. Nyuma yake kijana mnene wa miaka thelathini hivi, kanzu yake safi, jasho linamtiririka. Kijiji kizima kikanigeukia mimi. Nikaosha mikono polepole. Sijapata kuosha mikono polepole namna ile.

Yule kijana ndiye mkalimani wa Kiarabu wa kampuni, Mahfoudh. Akawatazama wazee, akameza mate, akaanza Kiarabu chake. Muhsina, kilikuwa Kiarabu cha msahafu kitupu. Kila neno sahihi, lakini hapana mtu anayenunua vitunguu kwa maneno yale. Aliwaambia wazee maneno mazito ya amani na rehema, wazee wakaitikia amina, kisha akakwama. Akatazama chini, akajisemea kwa sauti ya chini, "Yallah, leo nimepatikana!"

Kwa Kiswahili!

Nikaruka. Nikamwuliza, "Wewe mtu wa wapi?"

Kageuka kama kaitwa na mamake. "Mie? Mtu wa Malindi, Unguja. Na wewe?"

"Mie nilikaa Vikokotoni."

"Vikokotoni! Wallahi? Basi nisitiri, bwana. Hawa wameniajiri kwa kuwa baba yangu Mwarabu, wakadhani Kiarabu kinakuja na pua. Kiingereza nnakijua vizuri, Kiarabu sina ila nnachosalia."

"Nami," nikamwambia, "hawa wamenisimamisha hapa kwa kuwa nimetoka Unguja. Kiarabu cha hapa nnakijua, ndicho alichotulea nacho mama. Kiingereza sina hata cha kuombea maji."

Tukatazamana. Akasema, "Basi tumetimia mtu mmoja."

Ikawa hivyo. Mzungu anamwambia Mahfoudh kwa Kiingereza, Mahfoudh ananiambia mimi kwa Kiswahili, mimi nawaambia wazee kwa Kiarabu, kisha tunarudi njia ile ile. Mzungu anadhani Mahfoudh anasema Kiarabu. Wazee wanadhani mimi nasema Kiingereza. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Hebu mwangalie Harub, Kiingereza kinamtoka kama maji!"

Kikaja kisa chenyewe. Ushuru ni kikapu kwa punda. Lori moja ni punda wangapi?

Binamu Aflah akaanza: "Sitini."

Mzungu akacheka, akasema lori ni kitu kimoja, lihesabiwe punda mmoja.

Mzee Muslim akauliza, "Punda mwenye magurudumu sita?"

Mzungu akasema lori si mnyama, halinywi maji ya falaji, kwa nini lilipe? Hapo akasimama mtu mmoja akasema, "Linakunywa! Nimemwona dereva sasa hivi kateka debe kwenye mfereji akalimiminia puani!" Wote wakamtazama dereva. Dereva akaficha debe.

Basi kwamba linakunywa likathibiti. Mzungu akafikiri, akaja na jingine: kampuni itajenga daraja juu ya mfereji, lori lipite juu, lisiguse maji wala kingo.

Aflah akasema, "Kivuli chake kitapita juu ya maji yetu."

Mzungu akauliza, "Na ndege wanaopita juu, nao wanalipa kikapu?"

Mzee Muslim akamjibu kwa adabu, "Ndege wakipita ardhi haitetemeki. Hilo lako limepita mara moja tu, na mfereji umekwisha kutoa ufa. Nenda katazame." Mzungu akaenda, akainama, akatazama. Akarudi, habari za ndege kaziacha.

Mwisho tukafanya kama watu wenye akili. Tukateremsha mawe yote ya lori tukayapakia kwenye punda. Punda wa kumi na mbili kasimama, mawe yamekwisha, na Aflah anabishana kwamba punda wake mwenyewe hakujazwa vizuri. Mzungu akakubali: lori moja ni punda kumi na wawili, na daraja watajenga, litabaki la falaji. Lakini lazima awaulize wakubwa wake. Atarudi Jumamosi baada ya Idd ya Haji, tufunge maneno.

Nikarudi nyumbani nikielea. Kumbe sikulijua la mbele. Jana Mzee Muslim kaniita, kaniambia kwa upole, "Harub, desturi yetu, mwenye kufasiri makubaliano ya maji hula kiapo mlangoni mwa msikiti, mkono juu ya msahafu, kwamba kafasiri lugha anayoijua na kasema yote aliyoyasikia."

Muhsina, la kwanza ni uwongo. La pili nalo ni uwongo, kwa sababu Aflah alisema Mzungu ana uso wa kamba wa kuchemshwa nami nikafasiri kwamba anamwombea afya. Na Mzungu alisema Aflah yule angeuzwa pamoja na punda zake angepatikana wa kuwanunua punda tu. Mahfoudh kaniambia, "Hilo lipambe." Nikalipamba. Nikamwambia Aflah, "Bwana anawasifu punda wako." Aflah akafurahi mpaka leo.

Nikila kiapo nnapata maji. Nikipata maji, wewe... Basi, tuyaache hayo. Nisipokula, mimi mgeni mwongo. Niandikie.

Harub


Kuze, Mombasa
2 Machi 1967

Kaka,

Salamu fupi leo. Wote wazima. Kheiria keshajifungua, mtoto wa kike, wiki tatu kabla ya siku zake, mdogo kama kuku wa kienyeji lakini sauti ya muadhini. Jina tulilokuomba halikungojwa, mkwe kachagua la mamake. Chumba cha uani sasa tunakaa watatu: mimi, mashine ya kushonea na kuku wa mkwe. Kuku wanalala mapema, siwalalamikii.

Usile kiapo.

Nnajua barua hii huenda ikakufikia umeshakula, lakini nnaandika ili siku ya hesabu niwe nimeandika. Usile kiapo, kaka. Sitaki... Maji yapatikanayo kwa kiapo cha uwongo, mtende upi utayanywa? Nisingeweza kula tende zake hata moja.

Umeandika "nikipata maji, wewe" kisha ukaacha. Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikitafuta uliobaki. Hapana uliobaki. Wewe umezoea kuacha sentensi kama mtu aliyeitwa mlangoni.

Jana nilifua nguo zangu zote nikazikunja sandukuni. Nakwambia tu, ni kwa ajili ya nondo.

Na nyumba kuwa nzima kwa upande wa kusini maana yake nini? Nyumba ina pande nne.

Muhsina


Juu ya Azaiba, Maskati
28 Machi 1967

Muhsina, mwana wa mama yangu,

Hongera ya mjukuu, maana najua keshazaliwa hata kama barua haijafika, hesabu nnaijua. Kaa chini. Kama una kahawa iweke mbali.

Barua yako ya Januari ilinifikia kabla ya Idd ya Haji. Ile ya kuniambia nisimame niseme. Nikaiweka chini ya mto, nikawa nailalia kama mtu anayelalia jiwe. Siku ya Idd nikasema nitasimama. Sikusimama. Siku ya pili nikasema nitasimama, nikaalikwa chakula mahali nikaona si adabu. Jumamosi ikafika.

Mzungu kaja na karatasi ya wakubwa wake, wamekubali yote. Mahfoudh kaja, kakonda. Tukaanza kama mara ile, Kiingereza kwake, Kiswahili kwangu, Kiarabu kwa wazee. Wanawake wamekaa ukutani wamejifunika, wamekuja kutazama. Kila jambo likapita. Kisha Mzee Muslim akatoka msikitini na msahafu, kaufunga kitambaa cha kijani, akasema, "Harub bin Ghanim, njoo."

Nikaenda. Nikanyoosha mkono. Mkono ukafika hewani ukakataa.

Nikasema, "Mzee wangu, Kiingereza sikijui."

Nikasema tena kwa nguvu, "Wallahi sikijui! Hata neno!"

Unajua wakafanya nini? Wakatabasamu. Mmoja akasema, "Mashaallah, unyenyekevu gani huu." Mwingine, "Wasomi wa kweli ndivyo, husema hawajui kitu." Nikawaambia siyo unyenyekevu, ni ujinga! Wakazidi kunisifu. Mmoja akalia machozi, akamwambia mwanawe, "Mwangalie mtu huyu, umfuate." Muhsina, nimeishi miaka hamsini na moja, sijapata kuhangaika kuaminiwa nikisema kweli kama siku ile. Uwongo waliupokea mara moja, kweli inataka mashahidi!

Shahidi akatoka kwa Aflah.

Akainuka Aflah, anajichekea. Akasema, "Nina mtu." Akaashiria ukutani, akasimama mama mmoja mtu mzima, Bibi Bakhita, anauza mikate bandarini Matrah. Kazaliwa Pemba, kaja huku na mumewe zamani. Aflah kamleta kwa punda tangu asubuhi, kamkalisha pale asikilize yote. Kwa sababu tangu mara ile alishuku. Alisema Kiingereza changu kinafanana mno na maneno ya mabaharia wa Sur, wanaokwenda Unguja kila msimu.

Aflah akamwuliza mbele ya wote, "Hawa wawili wamesema lugha gani?"

Bibi Bakhita akasema, "Kiswahili. Tena cha mjini Unguja, kitamu, sijakisikia hivi tangu nije."

Nyuso zote zikanigeukia, na sasa hapana aliyetabasamu. Mahfoudh akarudi nyuma hatua mbili.

Mzee Muslim hakuninyanyulia sauti. Akamwuliza Bibi Bakhita, "Na walichokubaliana, ndicho tulichoambiwa?"

"Ndicho. Punda kumi na wawili kwa lori, daraja libaki lenu, miezi minane. Hakupunguza, hakuzidisha." Akatua. "Isipokuwa matusi."

"Matusi gani?"

"Aa, leo tu hapa, huyu bwana Aflah kasema Mzungu ananuka kama mbuzi dume, na Bwana Harub kamfikishia mwenziwe kwamba Bwana Aflah anapenda manukato. Na huyu kijana kaleta kutoka kwa Mzungu kwamba mzee mwenye ndevu nyekundu anaongea kama mlango usiotiwa mafuta, na Bwana Harub kawaambia nyinyi kwamba Mzungu anapenda sauti ya Bwana Aflah."

Aflah akashika ndevu zake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia uwanja mzima unapumua kama unaotaka kupasuka, kisha Mzee Muslim mwenyewe akaanza. Alicheka mpaka msahafu akampa mtu amshikie. Wakacheka wote. Mzungu akacheka bila kujua kwa nini, akamwuliza Mahfoudh kuna nini, na Mahfoudh maskini akamwambia ni sala ya kufunga makubaliano. Mzungu akavua kofia.

Aflah peke yake hakucheka. Kasema, "Mwongo hapewi maji." Na wengine wakaitikia kwa vichwa, maana kasema neno lenye uzito.

Mzee Muslim kakaa kitako kwenye ukingo wa falaji. Kafikiri muda ambao punda wawili walivuka na kulipa. Kisha kahukumu hivi:

"Niliahidi zamu kwa atakayemaliza jambo, naye kalimaliza, na kafasiri sawa kwa lugha yoyote ile. Kiapo cha uwongo hakula, mkono wake ulikataa mbele ya macho yetu. Maji ya baba yake ni yake. Lakini alituacha miezi minne tukimsifu kwa kisichokuwepo. Basi kuanzia leo mpaka mavuno ya tende, Harub akivuka kivuko hiki analipa kama wanavyolipa wengine. Kikapu kimoja kila mvuko, kwenda na kurudi ni mmoja."

Nikakubali pale pale. Nilishukuru hata nikambusu mkono. Nikarudi nyumbani, nikakumbuka, nikakaa chini.

Msikiti uko ng'ambo ya falaji.

Mara tano kwa siku, Muhsina! Nnaweza kusali nyumbani, hapana anayenizuia, Aflah kanishauri hivyo kwa upole mkubwa. Lakini sitampa furaha hiyo, na sala ya jamaa siiachi kwa ajili ya kokoto. Basi nnakwenda na kikapu kichwani, nnalipa, nnasali. Punda wanatangulia, mimi nnafuata. Mzee Muslim anatuhesabu sote kwa fimbo moja. Watu wameanza kuzoea, wananisalimu vizuri zaidi kuliko nilipokuwa msomi.

Mahfoudh atakuwa anakuja kila Ijumaa, nimfundishe Kiarabu cha vitunguu. Sikumtoboa kwa Mzungu wake, wala Bibi Bakhita hakumtoboa. Kamwuzia mikate tu.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa jana. Nusu saa. Aflah mwenyewe kaja na jembe, uso kaukunja, kaziba mlango wa upande wake, kafungua wa upande wetu. Maji yakaingia kwenye mitende ya baba, yakawa yanaramba ardhi taratibu kama hayaiamini. Nilikaa nikayatazama mpaka nusu saa ikaisha, hata kazi niliyotakiwa kufanya sikufanya.

Leo asubuhi Mzee Muslim kafuatana na mimi kwa liwali, kaweka muhuri wake karibu na jina langu: mtu wa falaji. Kibali chako tumeambiwa kitatoka, kitakungoja bandarini.

Sasa nisikilize, maana nimezunguka na malori na punda tangu mwaka jana na neno lenyewe sijaliandika. Niliogopa kukuita kisha nisiwe na pa kukuweka. Nyumba upande wa kaskazini haina paa. Nimesema. Upande wa kusini lipo, na chumba kimoja nimekipaka chokaa, na choo kipo, kipya, nimekijenga kwa mikono yangu.

Njoo, Muhsina.

Kaka yako,
Harub


Kuze, Mombasa
11 Mei 1967

Kaka Harub,

Barua yako imefika leo adhuhuri, na sasa ni alasiri, na tiketi nimekwisha kukata.

Neno lile moja nimelingoja tangu uondoke. Nilisoma habari za mbuzi, za ufa wa mfereji, za magurudumu sita, kila karatasi naipindua nyuma kutazama kama umeliandika pembeni. Kuomba singeomba. Wewe ulikuwa mgeni huko, nami mgeni hapa kwa mwanangu wa kumzaa, nikasema wageni wawili wasibebeshane. Mkwe si mtu mbaya. Lakini miezi minne sasa nnalala uani, kaka, tena na kuku, na Kheiria akiona aibu anaacha kuniangalia machoni. Leo nimemwonyesha barua yako. Kaniangalia. Tumelia pamoja, kisha kanisaidia kufunga sanduku, ingawa lilikuwa limefungwa tangu Machi.

Meli inaondoka tarehe ishirini na mbili, nasikia inafika Matrah mapema mwezi wa sita, inshaallah. Barua hii huenda nikaja nayo meli moja. Ikiwa hivyo nitakupa mkononi, uisome mbele yangu.

Na usinipokee peke yako. Mlete na Bibi Bakhita bandarini. Nikishuka, kabla sijakwamini wewe, nataka yeye aniambie nyumba ikoje.

Mdogo wako anayekuja,
Muhsina binti Ghanim